KUPIMA MAJI YAPITAYO KATIKA KARO NA BWAWA LA KUTULIZIA

Mkulima wa bonde la Kilombero hana haja ya kufundishwa kwamba maji yaendayo polepole huacha mzigo wake njiani. Jambo hili ameliona tangu utoto. Mto ujaapo wakati wa masika na kuenea mbugani, maji hupoteza kasi, na yakiisha kupwa huacha tope laini jeusi juu ya majaruba. Bali penye mkondo mkali, chini ya milima ya Udzungwa, hukuti ila mchanga na mawe. Karo lililojengwa nyuma ya shule au hospitali hufuata sheria iyo hiyo. Maji machafu huingia, hupunguza mwendo, yaliyo mazito huzama yakawa tope, mafuta huelea yakawa utando, na maji ya katikati hutoka kwa bomba la upande wa pili. Mwendo usipopungua, karo si karo tena, bali ni bomba pana lililogharimu saruji nyingi.

Kwa nini mkulima ajishughulishe na karo la shule? Kwa sababu maji yatokayo huko hayapotei. Kandokando ya miji yetu, kiangazi kikikaza, watu hulima mchicha, matembele na nyanya mahali popote penye unyevu, na maji ya karo ni unyevu usiokatika. Tena yana mbolea ndani yake, na mboga huyapenda. Simlaumu mtu aliyeliona hilo, ni mwerevu. Lakini pamoja na mbolea huja mayai ya minyoo, vijidudu vya kuhara damu, na katika mwaka wa maradhi huja kipindupindu. Kile kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya nchi. Nyanya na kitunguu cha kachumbari havipiti motoni. Kilichomo juu yake huingia tumboni kama kilivyo.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo cha maji ya kunyweshea mboga ziliwazo mbichi: yai la minyoo lisizidi 1 katika lita 1, wala bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100. Mwaka 2006 liliongeza njia nyingine za kujikinga, lakini kile kipimo cha yai moja kilibaki. Basi, jicho la mtu haliwezi kuliona yai la mnyoo. Maji yaweza kuwa maangavu mithili ya maji ya kisima na bado yamebeba mayai. Asiye na darubini hana budi kutegemea hesabu: ni maji mangapi yaingiayo, na hukaa ndani muda gani.

Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la nne. Chukua lita zilizomo katika karo, uzigawanye kwa lita zipitazo katika saa moja. Jibu ni saa ambazo maji hukaa ndani. Kulijua la kwanza ni kazi ya kamba yenye alama za mita. Pima urefu wa ndani, upana wa ndani, na kina cha maji tangu sakafu hadi mdomo wa bomba la kutokea, wala si hadi kifuniko, maana juu ya mdomo wa bomba hakuna maji yanayokaa. Zidisha vipimo hivyo vitatu, kisha zidisha kwa 1,000, kwa kuwa mita moja ya ujazo ni lita 1,000.

Kulijua la pili kwahitaji debe na saa. Debe la bati la zamani lilichukua galani 4, yaani lita 18 na kidogo. Siku hizi mahali pake pameshikwa na ndoo ya plastiki ya lita 20, nayo ni bora kwa hesabu zetu. Kinga maji yaangukayo kutoka bomba la kutokea, mwenzako akihesabu sekunde kwa saa au kwa simu. Fanya hivyo mara tatu, ujumlishe sekunde, ugawanye kwa tatu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 35, kisha 37, kisha 36, wastani ni 36. Na kwa kuwa saa moja ina sekunde 3,600, ndoo 100 hujaa katika saa moja. Hizo ni lita 2,000.

Kabla sijaendelea, neno moja la hatari. Mtu asiingie kamwe ndani ya karo, wala asiinamishe kichwa chake penye mfuniko uliofunguliwa. Hewa inayozaliwa na tope la kinyesi yaweza kumwangusha mtu mwenye nguvu kabla hajapiga kelele, na ndugu aingiaye kumwokoa huanguka juu yake. Kina hupimwa kwa mti mrefu, mtu akisimama nje, upande upepo utokako. Mwenye kukinga maji avae viatu vya mpira, na baada ya kazi anawe mikono kwa sabuni.

Sasa tuseme kuna shule ya bweni yenye wanafunzi 200, na kila mmoja hutumia lita 40 kwa siku kwa kuoga, kufua na chooni. Hizo ni lita 8,000 kwa siku. Karo lao lina urefu wa mita 4, upana wa mita 2, na kina cha maji mita 1.5, basi ndani mna lita 12,000. Gawanya 12,000 kwa 8,000, wapata siku moja na nusu, yaani saa 36. Desturi ya mafundi ni kwamba maji yasikae katika karo chini ya siku moja. Kwa hiyo mwalimu mkuu atasema karo lake latosha.

Lakini maji hayaji kama hesabu ya ubaoni. Mtu akikaa penye bomba la shule hiyo tangu alfajiri, ataona hivi. Saa 12 asubuhi hadi saa 2, wote wanaoga: ndoo yajaa kwa sekunde 36, lita 2,000 kwa saa, na kwa saa mbili ni lita 4,000. Saa 2 hadi saa 10 jioni wamo darasani: ndoo yajaa kwa dakika 8, lita 150 kwa saa, na kwa saa nane ni lita 1,200. Saa 10 hadi saa 12 jioni wanafua: ndoo yajaa kwa sekunde 72, lita 1,000 kwa saa, jumla lita 2,000. Usiku kucha, kwa saa kumi na mbili, hupita lita 800 tu. Jumlisha: lita 8,000 kamili. Nusu yake ilipita kwa saa mbili.

Kwa hiyo mpimaji ajaye mara moja saa sita mchana, akaona ndoo ikijaa kwa dakika 8, ataandika lita 3,600 kwa siku, naye ataondoka akidhani karo ni kubwa kupita haja. Ajaye alfajiri tu ataandika lita 48,000, na kuwaogopesha watu bure. Wote wawili wamepima kweli, na wote wawili wamekosa. Napenda zaidi mpimaji asiye na chombo cha thamani ila ndoo, lakini akaaye siku nzima, kuliko mwenye chombo kizuri aliye na haraka ya kurudi mjini.

Tena karo halibaki kama lilivyojengwa. Tope huongezeka chini mwaka baada ya mwaka, na mahali palipo na tope hapana maji. Likifika theluthi ya kina, katika karo letu zimebaki lita 8,000 za nafasi. Kwa siku nzima bado twapata saa 24. Lakini katika ile saa ya kuoga, maji yakija kwa lita 2,000 kwa saa, gawanya 8,000 kwa 2,000: saa 4. Kila asubuhi maji ya jana yasukumwa nje upesi upesi, na yakienda kwa kasi huinua tope lililokwisha tulia. Ndiyo sababu mwenye bustani chini ya bomba huona maji meusi asubuhi na maangavu mchana, akadhani ni mambo ya hali ya hewa. Tope hupimwa kwa mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe nchani: utose hadi sakafu, uungoje dakika chache, kisha uutoe polepole; pale weusi unapokoma ndipo tope lilipofika. Likifika theluthi, liondolewe na gari la kunyonyea.

Wala lisiondolewe wakati wa masika. Kwetu Ifakara na vijiji vya mbugani, katika miezi ya Machi, Aprili na Mei maji ya ardhini hupanda karibu na uso wa nchi, na karo tupu katika udongo uliojaa maji hutaka kuelea mithili ya mtumbwi. Kuta hupasuka, mabomba huvunjika. Kazi hiyo ni ya kiangazi.

Masika yana hila nyingine, na hii ndiyo iharibuyo makaro mengi kuliko tope. Maji ya mvua na ya ardhini huingia kwa nyufa na kwa vifuniko visivyoketi vizuri. Dawa ya kuyagundua ni kuamka saa 8 usiku, wakati watoto wote wamelala na hakuna mfereji uliofunguliwa, ukakinge ndoo. Kiangazi, katika karo lililo zima, hakidondoki kitu. Masika, ukikuta ndoo yajaa kwa dakika 3, hizo ni lita 400 kwa saa ambazo hakuna aliyezitumia. Kwa siku ni lita 9,600, yaani zaidi ya maji ya wanafunzi wote 200. Jumla ya siku imekuwa lita 17,600, na karo lenye nafasi ya lita 8,000 hulishika kila tone kwa muda wa saa 11 tu. Hapo kamati ya shule husema tujenge karo la pili. Mimi nasema, kwanza nunueni mfuko mmoja wa saruji, mzibe nyufa, muinue midomo ya vifuniko shibiri moja juu ya ardhi, na mchimbe mfereji wa kupitisha maji ya paa mbali na karo. Kisha mwamke tena saa 8 usiku mkapime.

Wako mafundi wanaomshauri mtu achimbe karo refu kwenda chini ili uchafu uzame zaidi. Shauri hili lina nusu ya ukweli. Mwaka 1904 mhandisi mmoja wa Marekani, Allen Hazen, alieleza kwamba kuzama kwa chembe hutegemea eneo la uso wa maji, wala si kina. Fikiri hivi: maji yaingiayo yainua maji yote ya karo kuelekea mdomo wa kutokea, na chembe yashuka. Ikishuka upesi kuliko maji yanavyoinuka, hubaki. Ikishuka polepole zaidi, hutoka. Karo letu lina uso wa mita 4 kwa 2, yaani mita 8 za eneo. Saa ya kuoga huingia mita 2 za ujazo kwa saa. Gawanya 2 kwa 8: maji huinuka robo mita, yaani sentimita 25, kwa saa. Yai la minyoo, katika maji safi yaliyotulia kabisa, hushuka zaidi kidogo ya nusu mita kwa saa. Kwa hesabu basi lingebaki. Ukichimba karo kina maradufu, namba hiyo 25 haibadiliki hata kidogo. Ukilipanua maradufu, hushuka ikawa 12 na nusu. Kina huongeza nafasi ya tope tu, na hilo nalo si jambo dogo.

Nimesema lingebaki, sikusema hubaki. Maji ya karo si safi wala hayatulii kabisa. Tope lichachalo hutoa mapovu, na kila povu lipandalo hubeba kitu pamoja nalo. Kwa sababu hii karo peke yake halitoshi kumpa mkulima maji ya bustani, hata lingejengwa vizuri namna gani, na mtu akikuambia vinginevyo, usimsadiki. Maji ya karo hayana budi kwenda kwanza katika shimo la kunyonyea, au, kama yatakiwa shambani, katika mabwawa ya wazi.

Nchi yetu inayo mabwawa hayo. Mjini Morogoro yako Mafisa, na Moshi yako Mabogini, ambako wakulima wa mpunga hutumia maji yatokayo mabwawani. Ndani yake jua, upepo, mwani na muda hufanya kazi isiyohitaji mafuta wala umeme. Kipimo chake ni kile kile cha kugawanya, ila twahesabu kwa siku, si kwa saa. Ili mayai ya minyoo yazame, zatakiwa siku 8 hadi 10. Ili bakteria nao wafe vya kutosha, karibu maradufu ya hapo.

Shule yetu ya lita 8,000 kwa siku, ikitaka siku 10, yahitaji nafasi ya lita 80,000. Bwawa la mita 12 kwa 6, lenye kina cha mita 1.2, huchukua lita 86,400, nalo lingetosha kwa siku 10 na zaidi. Rudisha sasa lile jipu la nyufa, lita 17,600 kwa siku: bwawa lile lile hukaa na maji chini ya siku 5. Mayai yatoka, na bwawa zima limekuwa kazi bure kwa sababu ya mfuko mmoja wa saruji.

Hesabu hii husema kweli pale tu maji yazungukapo bwawa lote. Bomba la kuingilia likiwa karibu na la kutokea, maji hupita njia ya mkato, na pembe za mbali hubaki na maji ya mwezi uliopita. Mabomba na yawe katika ncha mbili za urefu. Siku isiyo na upepo tupa chungwa penye kuingilia, uangalie laenda wapi; chungwa huelea likiwa karibu lote ndani ya maji, kwa hiyo halisukumwi na upepo kama jani. Likifika upande wa pili kabla ya chakula cha mchana, bwawa hilo lahitaji ukuta wa kuyazungusha maji. Watoto wasicheze humo, kwa ajili ya kuzama na kwa ajili ya kichocho. Majani ya ukingoni yakatwe, maana humo huzaliana mbu wapendao maji machafu, ambao ni miongoni mwa waenezao matende.

Maji yakiwa mengi mno kwa ndoo, tumia ubao. Chukua ubao mpana, ukate pengo la pembe tatu lenye ncha chini, pembe yake iwe mraba. Kona ya daftari la shule ni kipimo kizuri. Utie ubao katika mfereji, uzibe pembeni na chini kwa udongo wa mfinyanzi, maji yote yapite penye pengo na kuanguka wazi upande wa pili. Hatua moja nyuma ya ubao, mahali maji yametulia, simamisha kijiti chenye alama za sentimita, sifuri yake ikiwa sawasawa na ncha ya pengo. Njia hii ilichunguzwa na James Thomson wa Belfast katika karne ya 19, nayo hutumika hata leo. Usome kimo katika kijiti:

Sentimita 3: lita 13 kwa dakika.
Sentimita 4: lita 26.
Sentimita 5: lita 46.
Sentimita 6: lita 73.
Sentimita 8: lita 150.
Sentimita 10: lita 262.

Angalia jinsi namba zinavyoruka. Toka 5 hadi 10 kimo kimekuwa maradufu, lakini maji yamekuwa zaidi ya mara tano na nusu. Kwa hiyo kosa la nusu sentimita katika kusoma si kosa dogo. Piga magoti, jicho liwe sawa na maji.

Ubao huo huo utakufaa shambani. Majirani wagombanapo juu ya zamu za mfereji wa mpunga, kila mmoja akisema mwenzake amepewa zaidi, utie ubao penye kila mlango wa maji, wasome wote wawili. Maji yapitayo kwa kimo cha sentimita 10 usiku na mchana hutoa karibu mita 377 za ujazo, nayo yakienezwa katika eka moja iliyosawazishwa, bila kuhesabu yanayonywewa na ardhi na kukaushwa na jua, hufikia kina cha sentimita 9. Kwa kimo cha sentimita 5, eka hiyo hiyo hungoja siku 5 na nusu kupata kina hicho. Vipimo viandikwe katika daftari pamoja na tarehe na saa, na daftari likae kwa mtu ambaye hana shamba katika mfereji huo.